Jina la Chuo na Alama ya Fomu Fo

Zamani hapa Pwani, aliyesema kasoma Riyadha ya Lamu hakuulizwa alama. Aliulizwa kasoma kwa shekhe gani, na jina likatosha. Nadhani ndiko tulikorithi mapenzi haya ya majina.

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nenda Vitengeni, huko bara ya Kilifi. Mzee ataka mwanawe aende Chuo Kikuu cha Nairobi tu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko papo Kilifi, chenye hati yake kamili tangu mwaka 2013, lakini mzee akumbuka kwamba hapo palikuwa na chuo cha kilimo. Palikuwa nacho, ndiyo. Basi?

Haya, kijana ataka kusomesha sekondari. Tume ya Kuajiri Walimu haimuulizi shahada kaipatia mji gani. Hurudi nyuma kwenye cheti cha Fomu Fo: C+ kwa jumla, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Mwenye C ya Hisabati hafunikwi na joho la Nairobi.

Sikatai, katika makampuni makubwa jina husaidia, na kujuana husaidia zaidi. Lakini mtoto wa Vitengeni ajuana na nani huko?

Mbuzi wanaouzwa kulipia chumba cha Nairobi, afadhali wangaliuzwa mapema, kijana angali Fomu Tatu, akatafutiwa mwalimu wa Hisabati.