Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Msikilizaji, mtu wa Mgeta akileta njegere Kariakoo anadaiwa ushuru wa soko. Lakini upande wa pili wa milima hiyo ya Uluguru, katika msitu wa Kimboza, yuko mjusi mdogo wa buluu ambaye ukimpeleka Ulaya unavunja sheria.

Huishi kwenye mikadi, na wakamataji walikuwa wakiikata ili wamfikie. Kumkamata bila kibali lilikuwa kosa hapa kwetu, ila mkataba wa kimataifa wa CITES haukumtaja. Akishavuka uwanja wa ndege, dukani ng'ambo nani angemuuliza muuzaji? Januari 2017 aliingia Orodha ya Kwanza ya mkataba huo. Tangu hapo, kumfanyia biashara akitoka porini ni marufuku duniani, na anayemuuza Ulaya sharti aonyeshe hati za asili yake.