Avoda: Utumwa, Kazi, Sala

Neno la Kiebrania avoda lina ndugu yake katika Kiswahili, nalo tunalitamka kila siku: ibada. La kwetu lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini mzizi ni mmoja wa herufi tatu, ayin, bet na dalet. Mzizi huohuo umezaa abdi, yaani mtumwa, tunayemsikia katika majina kama Abdallah na Abdulrahman. Kiebrania humwita eved, na yumo katika jina la nabii Obadia. Hata hivyo ndugu hawa wamekua tofauti. Ibada imetulia kwetu kama jambo la dini tu, ilhali avoda haikukubali kukaa mahali pamoja. Mkazi wa Yerusalemu akisema leo kwamba anakwenda avoda, ana maana anakwenda kazini, awe karani au fundi mwashi. Jioni hiyohiyo akifungua kitabu cha sala, analikuta neno lilelile.

Uzito wake unaanzia Misri. Katika sura ya kwanza ya Kutoka, avoda ni mateso: udongo, matofali, kazi za shambani, wasimamizi wakali. Kisha Musa anatumwa kwa Farao kudai watu waachiwe, na dai hilo wengi wetu tunalikumbuka nusu. Nusu ya pili inasema waende ili wamtumikie Mungu, na kitenzi chake kinatoka katika mzizi uleule uliotaja kazi za Farao. Waisraeli wanaondoka kwa bwana mmoja na kwenda kwa mwingine. Kwangu mimi huu ndio moyo wa neno zima: kila linapotokea, linamuuliza mtu anamtumikia nani.

Swali hilo Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, imelishika bila huruma. Torati inaagiza kwamba mtumwa Mwebrania akikataa uhuru katika mwaka wa saba kwa kuwa anampenda bwana wake, apelekwe mlangoni, sikio lake litobolewe kwa uma. Kwa nini sikio, wala si kiungo kingine? Mwalimu Yohanan ben Zakkai alifundisha kwamba sikio hilo lilisikia pale Sinai kuwa Waisraeli ni watumwa wa Mungu, na bado mwenyewe akaenda kujitafutia bwana mwingine.

Mwalimu huyo aliishi wakati Warumi walipolichoma Hekalu, mwaka 70. Mpaka siku hiyo avoda ya kidini ilikuwa na mwili. Jangwani ilikuwa ya Walawi wa umri wa miaka 30 hadi 50, waliohamisha Hema la Kukutania, na wana wa Kohathi, ukoo mmoja wao, walibeba vyombo vitakatifu mabegani. Hekaluni ilikuwa kazi ya makuhani: mwanakondoo asubuhi, mwanakondoo alasiri, kila siku ya Mungu. Shimon Mwenye Haki, mwalimu wa kale, alikuwa ameihesabu avoda kuwa moja ya nguzo tatu zinazoushika ulimwengu, pamoja na Torati na matendo ya fadhili. Sasa madhabahu hayapo. Nguzo ingesimama juu ya nini?

Jibu lilipatikana ndani ya Torati. Kumbukumbu la Torati inaamuru Mungu atumikiwe kwa moyo wote. Walimu wakauliza ni avoda gani inayofanywa moyoni, wakajibu kuwa ni sala. Sala ya asubuhi, Shaharit, ikashika nafasi ya mwanakondoo wa asubuhi, na Minha ya yule wa alasiri. Ile ya usiku, Maariv, ikalinganishwa na mafuta na viungo vya dhabihu vilivyoachwa viungue usiku kucha. Nastaajabia ujasiri wa watu waliopoteza kila kitu isipokuwa maneno, wakaamua kwamba maneno yanatosha kuwa sadaka.

Wanazuoni hawakukubaliana kuhusu mipaka ya jibu hilo. Maimonides, aliyeandika Misri katika karne ya 12, alishikilia kuwa sala ya kila siku ni amri ya Torati yenyewe. Nachmanides wa Hispania alipinga: kwake, sala ya kila siku ni agizo la walimu, na aya ile inataka moyo mzima katika kila amri mtu anayoitimiza. Mimi navutwa zaidi na Nachmanides, kwa sababu kwake avoda haiishi kitabu cha sala kinapofungwa. Wahasidi wa Ulaya Mashariki katika karne ya 18 walikwenda mbali zaidi, wakafundisha kwamba hata kula na kufanya biashara ni avoda, nia ikiwa safi. Na mwaka 1904 A. D. Gordon, karani wa makamo kutoka Milki ya Urusi, alihamia Palestina kulima kwa mikono yake. Mafundisho yake juu ya jembe na ardhi yakaja kuitwa dini ya avoda, na hapo jina la kazi na jina la ibada yakakutana tena shambani.

Ipo pia avoda inayomwendea bwana asiye wa haki: avoda zara, avoda ngeni, ndiyo kuabudu sanamu. Kitabu chenye jina hilo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za walimu, kinaanza sokoni, kwa kukataza biashara na waabudu sanamu siku tatu kabla ya sikukuu zao.

Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, sinagogi husoma sehemu iitwayo Seder ha-Avoda, inayosimulia hatua kwa hatua kazi ya Kuhani Mkuu Hekaluni, na katika jumuiya nyingi waumini huanguka kifudifudi wanapofika mahali ambapo watu wa zamani walisujudu. Katika Amida, sala kuu ya Kiyahudi, ya siku za kawaida, baraka ya 17 inaitwa Avoda, na humwomba Mungu airudishe huduma ya Hekalu. Wayahudi wanamageuzi wa Ujerumani waliona hawawezi kuomba dhabihu ambazo hawakutamani zirudi, na kitabu cha sala cha Hamburg cha mwaka 1819 kikaanza kubadilisha maombi ya namna hiyo. Wayahudi Waothodoksi wanayasema kama yalivyokuwa. Pande zote mbili bado zinaiita baraka hiyo Avoda.