Amana ya mstaafu: Bunge la Marekani lilipotaka kuifuta kanuni

Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hufika siku akakabidhi ofisi, akaagana na wenzake, na kurejea nyumbani akiwa na jambo moja la kuamua: akiba yake yote iwekwe wapi. Siku hiyo mshauri hakosekani. Huja na karatasi zake na maneno laini, naye mzee, ambaye hajawahi kushika fedha nyingi kiasi hicho kwa mara moja, humsikiliza. Je, mshauri huyo anamtumikia mzee, au anamtumikia aliyemtuma?

Nchini Marekani swali hilo liliwagawa wabunge, likamfanya Rais atumie kura ya turufu, na likaishia mahakamani. Tunalieleza hapa kwa sababu wapo ndugu na watoto wetu wanaofanya kazi huko, na akiba zao zimo chini ya sheria hizo hizo.

Mbali na pensheni ya serikali, wafanyakazi wengi wa Marekani hutegemea akaunti iitwayo 401(k). Sehemu ya mshahara hukatwa kila mwezi na kuwekezwa katika hisa na hati fungani, na faida au hasara humwangukia mfanyakazi mwenyewe. Sheria ya mwaka 1974 iliwataka wanaosimamia fedha hizo watangulize maslahi ya wenye fedha. Lakini kanuni ya mwaka 1975 iliufinya wajibu huo, kwani mshauri alihesabiwa kuwa mtunza amana pale tu alipotoa ushauri mara kwa mara. Aliyeshauri mara moja tu, siku ile nzito ya kuhamisha akiba kutoka kwa mwajiri, aliweza kukwepa. Akaruhusika kupendekeza mahali panapompa yeye kamisheni kubwa, ilimradi pasiwe pabaya kupindukia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, huweza kuliwa kidogo kidogo. Mwezi Februari 2015 wachumi wa Ikulu ya Marekani walikadiria kuwa ushauri wa namna hiyo uliwapotezea wenye akiba dola bilioni 17 kila mwaka, na kwamba faida yao ilipungua kwa takriban asilimia moja. Asilimia moja huonekana kitu kidogo. Basi na tupige hesabu. Dola 10,000 zikikua kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 35 huzidi dola 76,000. Zikikua kwa asilimia 5, huwa kama dola 55,000. Zaidi ya dola 20,000 zimepotea, na hakuna aliyevunja mlango.

Tarehe 6 Aprili 2016, Wizara ya Kazi chini ya Waziri Thomas Perez ilitoa kanuni mpya, kwamba kila anayelipwa kwa kushauri juu ya akiba ya uzeeni atangulize maslahi ya mwenye akiba. Wiki hizo hizo wabunge wa Republican walianza safari ya kuifuta. Sheria ya mwaka 1996 inaliruhusu Bunge kufuta kanuni ya wizara kwa azimio la mabaraza yote mawili. Azimio liliwasilishwa na Phil Roe, mbunge wa Tennessee.

Hoja yao haikuwa ya kudharauliwa. Walisema gharama za kuitekeleza kanuni zingewafanya washauri wawakimbie wenye akiba ndogo, hivyo wanyonge wakose ushauri kabisa. Walisema pia kuwa wizara ilijitwalia mamlaka isiyopewa. Waliotetea kanuni walijibu kwamba ushauri unaomnyonya mnyonge si msaada kwake.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio Aprili 28 kwa kura 234 dhidi ya 183, na Seneti ikafuata Mei 24 kwa kura 56 dhidi ya 41. Rais Obama alilipinga kwa turufu Juni 8. Wabunge walijaribu kuivunja turufu hiyo, wakapata kura 239 dhidi ya 180, pungufu ya theluthi mbili zinazotakiwa.

Kilichowashinda wabunge hakikuzishinda mahakama. Machi 2018, mahakama ya rufaa yenye makao New Orleans iliifuta kanuni nzima kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Serikali ya Rais Biden ilitoa kanuni nyingine Aprili 2024, na kabla haijaanza kutumika mahakama mbili za Texas zikaisimamisha mwezi Julai.

Kwa hiyo kinga ya mstaafu imejengwa na kubomolewa ndani ya miaka michache, naye mstaafu hana miaka ya kungoja. Fedha yake haichumwi mara ya pili. Ndiyo maana tunazishauri familia zisimwachie mzee wao mzigo huu peke yake. Mshauri ajapo, aketi mtoto au ndugu mwenye kuelewa hesabu, naye aulize bila haya: Wewe unalipwa na nani? Unapata kiasi gani tukikubali pendekezo lako? Je, upo tayari kuandika na kutia saini kwamba umetanguliza maslahi ya mzee huyu?

Mwaminifu hataona uzito kujibu. Anayebabaika, na aagwe kwa heshima, na karatasi zake arudi nazo.