Gitaa la kupakata: cha kuiga na cha kuacha

Mwonyeshe seremala gitaa la umeme la kupakata la miaka ya 1940, atakuambia hiyo ni kazi ya alasiri moja. Hajakosea sana. Ni ubao mmoja wenye urefu wa karibu sentimita 80, usio na tumbo lenye uwazi, usio na shingo ya kuungwa, usio na vyuma vya kupigiliwa shingoni na kusawazishwa kimoja kimoja kwa tupa. Nyuzi sita, vikazio sita, daraja, sumaku na waya, basi. Ndiyo maana wengi wanaotamani kuunda gitaa huanzia hapa, na ndiyo maana pia magitaa mengi ya aina hii yanayoundwa leo hufanana na yale ya zamani kwa sura tu. Kazi iliyopungua kwenye mbao haikupotea. Imehamia kwenye sehemu tatu nne ambazo nusu milimita inatosha kuziharibu.

Umbo lote la chombo hiki limetokana na namna kinavyopigwa. Gitaa hulazwa chali mapajani, nyuzi zikitazama juu. Vidole vya mkono wa kulia, vikiwa vimevaa kucha za chuma au plastiki, hudonoa. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini, kizito kiasi cha gramu 200 hivi, na kukitelezesha juu ya nyuzi bila kuzigandamiza kwenye ubao. Kwa hiyo sauti hairuki kutoka noti moja hadi nyingine, bali hupita mote katikati. Mbinu hiyo huhesabiwa kuwa ya Joseph Kekuku, kijana wa Lāʻie katika kisiwa cha Oʻahu, Hawaii, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alijaribu kisu, akajaribu kitana, kisha akajitengenezea kipande cha chuma kwenye karakana ya shule na kuziinua nyuzi ili chuma kisigonge shingo. Mwaka 1904 aliondoka kwenda kupiga Marekani bara. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yakawasikilizisha mamilioni ya wageni muziki wa Hawaii, na kuanzia hapo kila mtu aliutaka.

Sauti hiyo ilifika hata kwetu, kupitia sahani za santuri. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, Kenya, mwaka 1950, wimbo wa wasichana wa Kipsigis kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, jina lililozaliwa kutokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake zilikuwa zimefika kijijini. Kinacholia nyuma ya Rodgers katika baadhi ya rekodi zake za mwaka 1929 ni gitaa la Kihawaii, mpigaji akiwa Joe Kaipo.

Tatizo la gitaa hilo wakati huo lilikuwa sauti ndogo. Hermann Weissenborn, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Los Angeles, aliunda magitaa ya mti wa koa ambayo hata shingo yake ina uwazi ndani, ili hewa ya kuvumisha sauti iongezeke. Kampuni ya National ikaleta mwaka 1927 gitaa la chuma lenye vikombe vitatu vya alumini vya kukuza sauti. Yote mawili ni mazuri, na Weissenborn bado ana wafuasi wake, lakini ukumbini mbele ya tarumbeta hayakufua dafu.

George Beauchamp, mmoja wa watu wa National, ndiye aliyeiendea njia nyingine. Mwaka 1931 Harry Watson alimchongea gitaa la majaribio kwa mti wa maple, kiwiliwili cha duara na shingo ndefu, na Beauchamp akafunga juu yake kinasa alichokibuni mwenyewe. Mwaka uliofuata, yeye na Adolph Rickenbacker walianza kuuza gitaa hilo likiwa limesubiwa kwa alumini, na watu wakalibatiza Kikaango. Hilo ndilo gitaa la kwanza la umeme kupata soko la kweli, na si bahati kwamba lilikuwa la kupakata: muziki wa Hawaii ndio uliokuwa ukiuza. Hataza iliyoombwa mwaka 1934 haikutoka hadi Agosti 1937, na kufikia hapo washindani walikuwa wamekwisha jazana sokoni.

Sasa, mtu anayetaka kuunda gitaa linalofuata nyayo za Kikaango aanzie wapi? Wengi huanzia kwenye umbo. Mimi ningeanzia kwenye kinasa, na ningetumia huko nusu ya muda wangu wote.

Kinasa chochote cha sumaku hufanya kazi kwa kanuni moja. Uzi wa chuma ukitikisika ndani ya uga wa sumaku huuvuruga uga huo, na mvurugo huo huzaa umeme mdogo ndani ya koili ya waya mwembamba iliyo karibu. Katika magitaa mengi ya leo sumaku iko chini ya nyuzi tu, na uga wake hutawanyika hewani. Beauchamp alitumia sumaku mbili pana zenye umbo la kiatu cha farasi, zilizoinama juu ya nyuzi na kukaribiana, ili nyuzi zipite kama kwenye handaki. Chini yake ziko nguzo sita za chuma ndani ya koili. Uga wa sumaku unauzunguka uzi juu na chini, na sehemu pana ya uzi husikika kwa mpigo mmoja. Matokeo yake ni sauti nene ambayo bado ina ncha, na ni vigumu kuwa na vyote viwili. Sumaku za kabla ya vita zilikuwa na upana wa milimita 38 hivi. Za baada ya vita zilipunguzwa hadi karibu milimita 32, na wajuzi wanadai wanaisikia tofauti hiyo.

Kuzipata sumaku za namna hiyo leo si rahisi. Baadhi ya mafundi hukunja chuma cha kawaida kwa umbo lile lile na kuweka sumaku za mche kwenye miguu yake, ili chuma kiongoze uga hadi juu ya nyuzi. Hiyo ni kazi halali. Isiyo halali, kwa maoni yangu, ni kuweka matao ya chuma yaliyong'arishwa juu ya kinasa cha kawaida ambacho sumaku zake haziyagusi wala kuyahitaji. Hayo ni mapambo, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo.

Anayeona njia hiyo ni ndefu anaweza kumfuata mwundaji wa magitaa Leo Fender. Mwaka 1945 yeye na Doc Kauffman waliuza chini ya jina K&F magitaa ya kupakata ambayo nyuzi zake hupita ndani ya kinasa chenyewe. Kampuni ya Valco ya Chicago nayo iliweka kwenye magitaa yake ya Supro kinasa kinachozifunika nyuzi, na mpigaji gitaa Ry Cooder alikipenda kiasi cha kukihamishia kimoja kwenye gitaa lake la kawaida. Kasoro yake mtu huijua siku ya kubadilisha nyuzi. Fender, kwa upande wake, alijifunzia kwenye mbao hizi za mapajani yale aliyoyatumia mwaka 1950 alipotoa gitaa lake la kusimama lenye kiwiliwili kigumu. Magitaa ya solo na rithimu ya bendi zetu za dansi ni wajukuu wa ukoo huu.

Anayesuka koili mwenyewe akumbuke jambo moja: mizunguko mingi huongeza nguvu na kupunguza ung'avu. Waya wenye unene wa takriban milimita 0.06 huzungushwa mara elfu kadhaa, na hapo ndipo fundi huchagua tabia ya gitaa lake. Kisha koili ichovywe kwenye nta iliyoyeyushwa polepole. Vinasa vingi vya kale havikuchovywa vizuri, navyo hupiga mbinja amplifaya ikiongezwa sauti. Sioni sababu ya kuiga mbinja.

Kuhusu mbao, maneno ni mengi kuliko haja. Mwili wa gitaa hili unatakiwa kuwa mgumu, mzito kiasi, na mtulivu. Nyuzi sita zilizokazwa kwa mpango wa sauti uitwao C6 kwenye urefu wa milimita 572 huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 60, na ubao wenye unene wa milimita 40 unaihimili nguvu hiyo bila fito ya chuma ndani ya shingo. Kukosa utulivu ndiko kulikoiangusha alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha nyuzi. Taa za jukwaani zilipoipasha, gitaa lilitoka kwenye mpango katikati ya wimbo. Rickenbacker walilijibu hilo mwaka 1935 kwa gitaa la bakelaiti, plastiki ngumu isiyoyumbishwa sana na joto, ambalo mpigaji Jerry Byrd alilifanya mashuhuri. Kwa hiyo anayesubu gitaa la alumini leo kwa kuheshimu historia analisubu pamoja na kasoro ambayo wenyewe walikwisha kuikimbia. Maple, mahogani na walnati zote zinafaa. Kwa fundi wa Tanzania, mninga uliokauka vizuri una kile hasa kinachotafutwa: haupindi ovyo ukishakauka.

Kisha tunafika kwenye zile nusu milimita. Chuma cha mpigaji kimenyooka. Kwa hiyo nyuzi zote sita lazima ziwe na migongo iliyo sawa, yaani sehemu ya juu ya kila uzi ilale kwenye uso mmoja. Sasa uzi mwembamba wa C6 una unene wa milimita 0.38 na ule mnene unafika 0.91. Ukichonga mifereji yenye kina kimoja kwenye kizingiti cha juu na daraja, uzi mnene utakiinua chuma hicho na uzi jirani utabaki ukinguruma bila kuguswa sawasawa. Mfereji wa uzi mnene lazima uzame nusu milimita zaidi ya ule mwembamba, na iliyobaki ipangwe katikati yao. Weka rula ya chuma juu ya nyuzi na uimulike kwa nyuma. Mwanga ukipenya mahali, rudi kwenye tupa. Wapo wanaotumia kipande cha chuma cha pembe cha dukani kwa kizingiti cha juu na kingine kwa daraja, ukingo wake ukiwa umesuguliwa hadi ukawa mviringo. Kinafanya kazi vizuri kuliko mfupa.

Mistari ya shingoni ni ya macho tu. Huhesabiwa kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817: mstari wa kwanza uko milimita 32.1 kutoka kizingiti, wa 12 uko milimita 286, katikati kabisa. Pima kila mstari kutokea kizingitini, usipime mmoja kutoka kwa mwenzake, kwa maana makosa madogo hujumlishana. Hata hivyo nyuzi zimeinuka karibu sentimita moja juu ya ubao, na mpigaji aliyeinamisha kichwa tofauti huuona mstari mahali tofauti. Sikio ndilo linaloamua. Kwa kuwa chuma hakiuvuti uzi chini, daraja nalo halihitaji kurekebishwa kwa kila uzi kama kwenye gitaa la kawaida.

Plastiki yenye rangi ya lulu iliyofunika magitaa ya wanafunzi, yale yaliyouzwa pamoja na masomo kupitia kampuni kama Oahu ya Cleveland, inapendeza, na anayeipenda aibandike. Kuchubua rangi makusudi ili gitaa jipya lionekane lina miaka 80 ni jambo jingine. Badala yake, andika jina lako na mwaka ndani ya shimo la kinasa, asije mtu akadhani ni la kale.

Limebaki suala la umeme, na hapa ukale unaua. Gitaa likiunganishwa ipasavyo, waya mmoja hutoka kwenye daraja kwenda upande wa ardhi wa plagi, kuzuia mngurumo. Amplifaya za miaka ya 1930 hadi 1950 nyingi zina waya mbili tu za umeme wa ukutani, na kapasita kuukuu kati ya mojawapo na bodi ya chuma. Kapasita hiyo ikifa, bodi hushika umeme, daraja hushika umeme, nyuzi hushika umeme, na mpigaji wa gitaa hili, tofauti na wapigaji wengi, ana kipande cha chuma mkononi. Fundi aiondoe kapasita hiyo na aweke waya wa tatu wa ardhi kabla gitaa halijachomekwa hata kwa majaribio.