Mabaki ya fundi cherehani yana fedha, lakini nani anahesabu saa?

PEMBENI mwa karibu kila cherehani, iwe Kariakoo au kwenye baraza la duka kijijini, huwa kuna kiroba. Ndani yake vimejaa vipande vya vitenge, khanga, satini na bitana ambavyo havitoshi tena kushona hata kola. Kwa miaka mingi kiroba hicho kilikuwa na safari mbili tu: kwenda jalalani, au kwenda kujazia mito.

Sasa kimepata wateja wapya. Ni kina mama na vijana wanaotengeneza bangili, hereni, vidani, mikanda na vikapu kwa vipande hivyo, kwa fulana za mitumba zilizokosa mnunuzi na kwa magunia yaliyochakaa. Mtaji wa kuanzia ni mdogo: mkasi, sindano, uzi na gundi. Bidhaa zao zinaonekana katika maduka ya zawadi Zanzibar na Arusha, katika maonyesho ya Sabasaba, na kwenye simu za watu kupitia WhatsApp na Instagram.

Hata hivyo, swali moja wengi wao hawajaliuliza. Bangili inayouzwa shilingi 1,000 imemlipa kiasi gani aliyekaa nayo mkononi?

Kazi yenyewe si ngeni. Khanga, kama inavyosimuliwa Pwani, ilianza katika karne ya 19 kwa wanawake kuunganisha leso ndogo ndogo zikawa kitambaa kimoja kikubwa. Khanga ikichakaa haikutupwa. Ilichanwa ikawa nepi, ngata ya kubebea ndoo au tambara la jikoni. Nchini Kenya wasusi wa viondo wamezoea kufumua masweta ya mitumba ili wapate nyuzi za rangi, na Uganda kina mama wa Kampala wamejulikana kwa shanga za karatasi zilizokwishatumika. Aidha, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019, mifuko na vikapu vya kushona na kusuka vilipata nafasi sokoni ambayo haikuwapo.

Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kupunguza gharama nyumbani imekuwa biashara. Na biashara ina masharti yake.

Kujua kitambaa kabla ya mkasi

Mjasiriamali anayechota kiroba chote bila kuchagua anajitafutia hasara. Vitenge vya sokoni si vyote vya pamba. Vingi vya bei nafuu ni poliesta. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuchomoa nyuzi chache na kuziwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kama punje ngumu. Vyote viwili vina kazi, ila pamba hukubali gundi na kukunjika vizuri zaidi, wakati poliesta huteleza na kunyonyoka kingoni.

Jambo la pili ni rangi. Kipande kiloweshwe, kisha kisuguliwe kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifuliwe na kusuuzwa mpaka maji yawe meupe, la sivyo bangili itamchafua mteja mkono siku ya kwanza ya jasho. Wapo wanaoamini kuloweka katika chumvi kunamaliza tatizo. Njia hiyo haitegemeki, na mteja aliyeharibiwa blauzi nyeupe harudi.

Kwa bangili, duara la ndani hukatwa kwenye bomba la plastiki la maji kwa msumeno wa chuma, kisha kingo husuguliwa kwa msasa mpaka ziwe laini. Upana wa ndani wa sentimita 6.5 hivi huwaenea wanawake wengi, lakini si wote, hivyo ni vizuri kuwa na saizi mbili au tatu. Mkataji afunike pua kwa sababu ya vumbi, wala asilainishe kingo kwa moto, kwani moshi wa mabomba hayo una sumu. Kitambaa cha kuzungushia kikatwe mshazari, upana wa sentimita mbili hadi tatu. Kikikatwa kufuata uzi ulionyooka hujikunja na kufanya makunyanzi.

Gundi nyeupe ya maji ni nafuu na haina harufu kali, ila hulainika ikilowa. Mvua moja ya masika inatosha kuufungua mwisho wa kitambaa. Ndiyo maana mafundi wazoefu huumalizia mwisho huo kwa sindano, mishono mitatu minne isiyoonekana. Inachukua dakika mbili. Inaokoa sifa ya fundi.

Fulana nayo ina ujanja wake. Inayofaa ni ya pamba inayovutika, isiyo na mshono ubavuni. Hukatwa chini ya makwapa na pindo likaondolewa, kikabaki kitu kama mfuko usio na matako. Mfuko huo hukunjwa, lakini ukingo mmoja usifike kabisa juu ya mwingine. Uachwe umetangulia kwa sentimita tatu au nne. Kisha hukatwa vipande vya upana wa sentimita mbili, mkasi ukianzia kwenye mkunjo na kusimama kabla ya kuifikia sehemu iliyotangulia. Mwisho sehemu hiyo hufunuliwa na kukatwa mshazari, kutoka mkato mmoja hadi mkato unaofuata wa upande wa pili, na fulana nzima hutoka uzi mmoja mrefu. Uzi huo ukivutwa hujiviringisha kingo zake ndani na kuwa kamba nono, tayari kwa kusukwa kidani, mkanda au kikapu.

Wakulima wenye mkonge kwenye mipaka ya mashamba huuliza kama wanaweza kutumia nyuzi zao. Wanaweza, lakini katika kilo 100 za majani mabichi, nyuzi ni takriban kilo nne tu, na kuzikwangua kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa vidani vichache, kufumua kamba ya katani iliyochakaa kunalipa zaidi.

Hesabu ya bangili 60

Tuchukue mfano wa mama anayetengeneza bangili 60 kwa mkupuo mmoja. Bei zinatofautiana mahali na mahali, hivyo kila mtu aweke zake, lakini mpangilio wa hesabu ni huu.

Tuseme kipande cha bomba ni shilingi 6,000, gundi 5,000, uzi 2,000, shukrani kwa mafundi waliotoa mabaki 3,000, nauli 8,000 na vifungashio 3,000. Jumla ni shilingi 27,000. Akiuza zote kwa shilingi 1,000 anapata 60,000, na mkononi zinabaki 33,000. Hapo ndipo wengi husimama na kusema biashara imelipa.

Sasa ziingie saa. Kuzungukia mafundi na kuchambua vipande, saa nne. Kufua na kupiga pasi, saa tatu. Kukata bomba na kusugua, saa tano. Kuzungushia kitambaa kwa dakika 20 kila bangili, saa 20. Kumalizia kwa sindano na kukagua, saa nne. Kupeleka sokoni na kurudi, saa nne nyingine. Ni saa 40, yaani siku tano za saa nane. Zile shilingi 33,000 zimekuwa shilingi 825 kwa saa, au 6,600 kwa siku.

Bangili 12 zisiponunuliwa, anabaki na shilingi 21,000, yaani 4,200 kwa siku. Kila msomaji anajua kibarua cha siku kinalipwa kiasi gani kijijini kwake, na alinganishe mwenyewe.

Bei ikipanda hadi shilingi 1,500, bangili zote 60 zikauzwa na gharama zikabaki zilezile, kiasi hicho kinaruka hadi 12,600 kwa siku. Nyongeza ya nusu kwenye bei imekaribia kuyafanya malipo yake kuwa mara mbili. Hii ndiyo sababu kupunguza bei kwa shilingi 200 ili "mteja asiondoke" ni jambo zito kuliko linavyoonekana: punguzo lote linatoka kwenye jasho, kwa kuwa muuza bomba na kondakta wa daladala hawapunguzi chochote.

Njia nyingine ni seti. Mabaki ya mabaki, vile vipande vya ukubwa wa sarafu, hufunika vidude vya kadibodi ngumu vikawa hereni za rangi ileile ya bangili. Tuseme kila jozi inachukua dakika 15 na ndoano zake ni shilingi 150. Jozi 60 zinaongeza saa 15 na gharama ya shilingi 9,000. Seti ikiuzwa shilingi 2,500, mapato ni 150,000, gharama 36,000, na zinabaki 114,000 kwa saa 55. Ni zaidi kidogo ya shilingi 2,000 kwa saa. Ila ndoano ziwe nzuri. Za bei ya chini kabisa hushika kutu, na zenye nikeli huwawasha baadhi ya watu masikio.

Saa ya Januari si saa ya Agosti

Kwa mkulima hesabu ina upande mwingine ambao mjasiriamali wa mjini hauoni. Saa zake hazina bei moja mwaka mzima. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Mbeya, Iringa na Ruvuma, saa ya Januari wakati wa palizi ina thamani ya mahindi ambayo magugu yangeyabana. Saa ileile mwezi Agosti, mavuno yakiwa ghalani, huenda haina kazi nyingine inayoigombea.

Shilingi 825 kwa saa zinaweza basi kuwa hasara Januari na faida Agosti, kwa bangili ileile. Na bangili, tofauti na nyanya, haiozi. Inaweza kutengenezwa kiangazi na kusubiri, mradi ihifadhiwe pakavu, mbali na panya na ukungu.

Kwa bahati kalenda ya wateja inaelekea kufanana na hiyo. Watalii huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba na tena mwishoni mwa mwaka, wakati Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga. Vijijini nako fedha huonekana baada ya mavuno, na harusi huongezeka.

Mali kauli

Maduka mengi ya zawadi hayanunui kwa fedha taslimu. Yanachukua mali kauli: acha mzigo, kikiuzwa nitakulipa. Kwa mwenye duka ni utaratibu salama kabisa. Kwa mtengenezaji ni mkopo anaoutoa yeye, bila riba, bila dhamana na mara nyingi bila maandishi.

Mwenye seti 60 katika maduka matatu, akilipwa baada ya miezi miwili, anahitaji mtaji wa mzunguko mwingine na wa tatu kabla hajaona shilingi ya kwanza. Wengi huishia hapo, si kwa sababu bidhaa ni mbaya. Anayekubali mali kauli aandikishe idadi, bei na tarehe ya kuhesabu, asaini yeye na mwenye duka, na bei iwe juu ya ile ya fedha taslimu. Mzigo usikae wote mahali pamoja. Wafanyabiashara wa soko la Karume jijini Dar es Salaam walioamka Januari 2022 na kukuta vibanda vimeteketea kwa moto hawahitaji kuelezwa sababu.

Liko pia suala la kiroba chenyewe. Pumba zilikuwa zikitupwa mashineni mpaka wafugaji wa kuku walipoongezeka. Leo zina bei na msimu wake. Mabaki ya vitenge yanaelekea kulekule. Fundi akiona watu watatu wanagombea kiroba chake atakipangia bei, na ni haki yake, ingawa vipande vingine ni mali ya mteja aliyeleta kitambaa na huenda akavihitaji kwa kilemba. Mwenye kuweka shilingi 3,000 za shukrani katika hesabu zake tangu leo hatashtuka zikiwa 10,000.

Kwa wanaotaka kukua, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi chenye daftari linaloonyesha gharama, saa na mauzo ya miezi sita huwa na cha kuonyesha kinapoulizwa kitalipaje.

Maonyesho ya Nanenane hufikia kilele Agosti 8. Anayetaka kufika na seti 200 kwa mkadirio wa hapo juu anahitaji takriban saa 180, ambazo kwa saa nne kila siku ni siku 45. Vipande vyake viwe vimefuliwa na kuanikwa kabla ya katikati ya Juni, pengine kwenye kamba ileile ya uani, mahindi yakiwa yanakaukia turubai chini yake.