Kushughulikia Kumbukumbu Iliyosimbwa katika Viendeshi vya Michoro vya Keneli ya Linux

Makala hii inaeleza namna viendeshi vya michoro katika keneli ya Linux vinavyoshughulikia kumbukumbu iliyosimbwa kwa teknolojia za SME na SEV za kampuni ya AMD. Hoja inayoongoza maelezo ni kwamba kazi hiyo haiwezi kuachiwa tabaka la uhamishaji data la keneli peke yake. Kiendeshi cha kadi ya mtandao hupokea ukurasa, huukabidhi kwa kifaa, kisha huuachia. Kiendeshi cha michoro huuweka ukurasa uleule mbele ya wasomaji watatu kwa wakati mmoja: keneli, programu ya mtumiaji, na kadi yenyewe. Mmoja wao akiusoma kama uliosimbwa na mwingine akiusoma kama ulio wazi, skrini hujaa rangi zisizo na maana, au kadi hukwama kwa kupewa amri zisizosomeka.

Misingi ya teknolojia hizo ilielezwa na AMD mwaka 2016. Ndani ya kidhibiti cha kumbukumbu cha prosesa mna injini ya AES yenye ufunguo wa biti 128, na programu zinazoendeshwa na prosesa kuu haziwezi kuusoma ufunguo huo. Katika SME, ufunguo ni mmoja kwa mashine nzima, na huzalishwa upya kila mashine inapowashwa. Lengo ni kumzuia mtu anayechomoa vibao vya kumbukumbu au kuchungulia nyaya zake. Katika SEV, kila mashine pepe hupewa ufunguo wake, ili hata msimamizi wa mashine pepe asiweze kusoma yaliyomo. Linux ilianza kutumia SME katika toleo la 4.14, lililotoka Novemba 2017.

Jambo la kuzingatia ni kwamba alama ya usimbaji haikai katika ukurasa wenyewe, bali katika anwani inayotumika kuufikia. Biti moja ya juu katika ingizo la jedwali la kurasa, iitwayo biti C, ikiwa 1, data husimbwa inapoandikwa na husimbuliwa inaposomwa. Ikiwa 0, data hupita kama ilivyo. Katika prosesa za kwanza za EPYC biti hiyo iko katika nafasi ya 47. Kutokana na mpangilio huu, keneli ikibadili biti C haigeuzi yaliyokwisha kuandikwa: maandishi yaliyoingia kwa kusimbwa yatasomwa kama takataka. Aidha, katika prosesa zisizo na uwezo wa ziada wa kuoanisha kache, ukurasa mmoja uliofikiwa kwa anwani mbili zinazotofautiana kwa biti C huhesabiwa kuwa data mbili tofauti, hivyo kache lazima isafishwe kabla ya mabadiliko. (Neno “wazi” katika makala hii lina maana ya “isiyosimbwa”, si “inayoonekana na kila mtu”, hata hivyo, katika SEV maana hizo mbili hukaribiana mno.)

Sehemu iliyo rahisi ni kumbukumbu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Kwa kuwa haiko nyuma ya kidhibiti cha kumbukumbu cha prosesa, injini ya AES haiko njiani, na biti C haipaswi kuwekwa. Kasoro iliyohitaji kurekebishwa ni kwamba, baada ya SME kuwashwa, keneli huweka biti C katika ramani za anwani kwa chaguomsingi, zikiwemo zile ambazo programu za watumiaji hupewa ili kuchora moja kwa moja kwenye bafa ya skrini. Mwaka 2017 njia hizo zilirekebishwa moja baada ya nyingine, katika tabaka la zamani la bafa ya skrini na katika tabaka la DRM, ili biti hiyo iondolewe.

Ugumu uko katika kumbukumbu kuu ambayo kadi huifikia kutoka nje. Chini ya SME, kifaa kinaweza kunufaika na injini ya AES iwapo anwani kinayoitoa ina biti C ndani yake. Biti iliyo katika nafasi ya 47 huhitaji kifaa chenye anwani za biti 48. Kifaa chenye anwani za biti 44 hakiwezi kuitamka. Hapo zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kitafsiri cha anwani za vifaa, yaani IOMMU, ambacho hupokea anwani fupi na kutoa ndefu yenye biti C. Ya pili ni SWIOTLB: keneli hutenga bafa zilizo wazi, kwa kawaida jumla ya MiB 64, na kunakili data kwenda na kurudi, kila kipande kisizidi KiB 256.

Kwa kadi ya mtandao, kunakili huko ni hasara ya kasi tu. Kwa michoro, ni kuvunja mkataba. Vulkan, pamoja na baadhi ya viendelezi vya OpenGL na OpenCL, huiruhusu programu kutenga kumbukumbu yake na kuikabidhi kwa kiendeshi, kwa makubaliano kwamba prosesa na kadi zitaifikia kumbukumbu hiyohiyo kwa pamoja, na kila upande utaona mabadiliko ya mwenzake. Bafa ya kunakilia haiwezi kutimiza hilo, kwa sababu kadi inasoma nakala na programu inaandika katika asili. Hakuna wakati mahususi ambapo keneli ingejua kwamba sasa inapaswa kunakili.

IOMMU nayo haitoshi kila mahali. Mfano ulio wazi zaidi ni chipu za Raven za AMD, zenye prosesa na kitengo cha michoro pamoja. Kutokana na kasoro za maunzi, kuonyesha picha iliyotawanyika katika kurasa za kumbukumbu kuu huhitaji IOMMU isiyobadili anwani, ilhali SME huhitaji IOMMU inayobadili, kwa kuwa biti C iko nje ya upeo wa anwani za kitengo hicho. Masharti hayo mawili hayawezi kutimizwa pamoja. Kiendeshi cha amdgpu hakikutafuta hila: kikikuta SME imewashwa kwenye Raven, hukataa kupakiwa. Uamuzi huo ni sahihi, kwani skrini isiyowaka ni kosa linaloonekana, tofauti na data inayoharibika kimyakimya. Mwaka 2021 watunzaji wa keneli walikwenda mbali zaidi, wakaondoa mpangilio uliowasha SME kwa chaguomsingi. Matatizo ya vitengo vya michoro yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Ulinzi uliokusudiwa kuwa wa kila mtumiaji ukawa wa yule anayejua kuuomba.

Chini ya SEV suala hubadilika. Katika SEV ya kawaida kifaa hakina njia yoyote ya kutumia ufunguo wa mashine pepe, hivyo kila ukurasa unaoshirikiwa na kadi, hata kadi pepe, lazima uwe wazi. Tabaka la uhamishaji data hulitekeleza hilo vizuri: kiendeshi kikiomba kumbukumbu ya kushirikiana na kifaa, hupewa kurasa zilizokwisha kuondolewa usimbaji, pamoja na anwani sahihi ya kuzifikia. Tatizo ni kwamba TTM, msimamizi wa kumbukumbu anayetumiwa na viendeshi vingi vya michoro, hakuitumia anwani hiyo peke yake. Iliunda ramani mpya kwa ajili ya keneli kutokana na orodha ya kurasa, na ramani hizo zilibeba biti C. Kiendeshi kiliandika amri zilizosimbwa ndani ya kurasa ambazo kadi ilizisoma kama zilizo wazi. Rekebisho lililoandaliwa mwaka 2023 liliongeza alama katika kila kundi la kurasa za TTM kuonyesha kwamba kundi hilo halijasimbwa, ili kila ramani inayoundwa baadaye iifuate.

Kiendeshi cha vmwgfx, kinachotumika ndani ya mashine pepe za VMware, kina mfano mwingine. Huzungumza na msimamizi kwa njia mbili: pana, inayompa msimamizi bafa nzima aisome, na nyembamba, inayopitisha baiti 4 kwa zamu kupitia rejista. Usimbaji wa mashine pepe ukiwapo, njia pana huachwa, maana msimamizi angesoma bafa asiyo na ufunguo wake.

Kubadili hali ya ukurasa kuna gharama. Keneli hupanga kumbukumbu yake kwa kurasa kubwa za MiB 2, na kuondoa usimbaji wa KiB 4 tu hulazimu ukurasa mkubwa ugawanywe, kisha kache zisafishwe. Ndiyo maana ni heri kurasa zilizo wazi zitunzwe katika hazina na kutumiwa tena kuliko kugeuzwa kila zinapohitajika. Lakini hazina hiyo, pamoja na kila picha inayopelekwa kwenye skrini ya mashine pepe, iko nje ya ulinzi wa SEV. Barua iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu iliyosimbwa hubaki siri hadi mwenyewe anapoifungua aisome. Herufi zake zikishachorwa kwenye bafa ya skrini, msimamizi wa mashine pepe anaweza kuzisoma pia.