Kalamu kwenye soketi: Mzazi, unajua unafungua nini?

Ni jambo linalofanyika katika nyumba nyingi na halimshangazi mtu. Chaja ya simu ina miguu miwili ya duara, soketi ya ukutani ina matundu matatu ya pembe nne. Mtu mzima anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, kisha anachomeka chaja kwenye matundu mawili ya chini. Simu inaanza kuchaji, maisha yanaendelea.

Pembeni yupo mtoto wa miaka mitatu, anatazama. Hajui umeme ni nini, lakini amejifunza kwamba matundu yale yanafunguka kwa kijiti.

Tukitaja hatari ya umeme, wengi wetu tunafikiria nguzo iliyoanguka au waya uliokatika barabarani. Lakini umeme ambao mtoto anakutana nao kila siku uko sebuleni, kwenye soketi na chaja. Vifaa hivi viwili, vikiwa vimetengenezwa vizuri, vina ulinzi ndani yake. Shida ni kwamba ulinzi wa soketi tunauondoa kwa mikono yetu, na ulinzi wa chaja mara nyingi haukuwekwa kabisa kwenye ile tuliyonunua kwa bei ya kutupa.

Tundu la juu lina kazi mbili

Soketi za matundu matatu tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata muundo wa Kiingereza uliotolewa mwaka 1947. Tundu la juu ni la ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja kwenye vifaa vya chuma kama pasi na jokofu. Hiyo ndiyo kazi wengi wanayoifahamu.

Kazi ya pili ni ya ufunguo. Ukiitazama plagi ya miguu mitatu utaona mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine. Katika soketi nyingi, mguu huo ukiingia unasukuma vilango vidogo vya plastiki vinavyoziba matundu mawili ya chini. Plagi ikichomolewa, vilango vinajifunga. Mtoto akijaribu kuingiza msumari au pini ya nywele chini, anagonga plastiki.

Kalamu inaifanya kazi ya mguu ule mrefu. Ikiingia, vilango vinafunguka, na kwa muda wote itakapokuwa humo, chaja ikichomolewa, volti 230 ziko wazi. Wakati mwingine kifuniko cha kalamu hukatikia ndani, na hapo tundu linabaki wazi mchana na usiku.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole. Miguu ya duara haikutengenezewa matundu ya pembe nne, hivyo inacheza. Mahali chuma kinapogusana na chuma kwa kulegea, umeme hurusha cheche na joto hupanda. Ule weusi unaouona kuzunguka matundu ya soketi, na ile harufu ya plastiki iliyoungua, mara nyingi huanzia hapo.

Dawa yake si ghali. Nunua chaja yenye miguu mitatu, au adapta nzuri ya miguu mitatu inayoshika vizuri chaja yako. Kwenye chaja, mguu wa juu unaweza kuwa wa plastiki, na hilo si kosa: kazi yake hapo ni kufungua vilango tu.

Vizibo vya plastiki navyo vina walakini

Wazazi wengine hununua vizibo vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi ili mtoto asiziguse. Nia ni njema. Lakini kwa soketi hizi zenye vilango, kizibo kinaweza kuleta hatari ambayo haikuwapo. Mguu wake wa juu unafungua vilango kama plagi yoyote. Mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini miguu juu, mguu ule mrefu unaweza kuingia kwenye tundu la juu na kuyaacha matundu yenye umeme wazi. Mwaka 2016 Idara ya Afya ya Uingereza ilitoa tahadhari ya kutaka vizibo vya namna hiyo visitumike katika majengo ya huduma za afya na ustawi wa jamii.

Soketi nzima, yenye vilango vinavyofanya kazi na swichi iliyozimwa, inamlinda mtoto kuliko kizibo. Kama soketi imevunjika au vilango vimekufa, ibadilishwe. Uangalifu zaidi unahitajika kwa zile ekstensheni zinazopokea plagi ya aina yoyote, ya duara au ya pembe nne. Nyingi kati yake hazina vilango kabisa, na huwa zimelala sakafuni, palepale mtoto anapotambaa.

Ndani ya chaja kuna ukuta

Chaja inapokea volti 230 upande mmoja na kutoa volti 5 upande wa pili. Chaja za kasi zinaweza kupanda hadi volti 9, 12 au 20 simu ikihitaji, lakini hata hizo ni ndogo ukilinganisha na za ukutani. Ndiyo maana waya wa USB ulioingia mdomoni mwa mtoto haupaswi kumuua.

Neno muhimu hapo ni "haupaswi". Linategemea ukuta ulio ndani ya chaja, unaotenganisha umeme mkubwa na mdogo. Katika chaja nzuri, pande hizo mbili zimeachiwa nafasi ya milimita kadhaa, na transfoma yake ndogo imefungwa kwa tabaka za kuzuia umeme. Katika chaja feki, nafasi hiyo huweza kuwa chini ya milimita 1, na tabaka zimepunguzwa ili kubana gharama. Unyevu kidogo, joto kidogo, au umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na ukuta unavunjika. Volti 230 zinapita moja kwa moja hadi kwenye waya wa USB, kwenye simu, na kwenye mkono ulioishika.

Mwaka 2016 maabara ya usalama ya UL ya Marekani ilipima chaja feki 400 zilizoigiza za Apple. Zilizofaulu vipimo vyote vya usalama zilikuwa 3 tu. Nyingine 12 zilikuwa mbovu kiasi kwamba zingeweza kuua mtu kwa umeme. Kwa nje, zilifanana na zile halisi.

Ukiwa dukani, tazama haya

Huwezi kupasua chaja dukani, lakini macho yanaweza kukuambia mengi.

Kwanza, maandishi. Chaja halali inataja jina la mtengenezaji, volti zinazoingia, ambazo kwa kawaida ni 100 hadi 240, pamoja na volti na ampea zinazotoka. Maandishi yenye makosa ya herufi au yanayofutika kwa kidole ni dalili mbaya.

Pili, tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba kifaa kimewekewa kinga maradufu na hakitegemei waya wa ethi.

Tatu, miguu. Iingie kwenye soketi bila kulazimishwa na bila kucheza. Kwenye chaja ya miguu mitatu, umbali kutoka ukingo wa mguu hadi ukingo wa chaja usipungue milimita 9.5, ili kidole kinachoishika kisiteleze na kugusa chuma.

Nne, bei na risiti. Chaja inayodai kuwa ya kampuni kubwa, inayouzwa kwenye mkeka kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani, jiulize nini kimepunguzwa ndani yake. Duka linalotoa risiti unaweza kulirudia. Alama ya ubora ya TBS inasaidia, ingawa wanaoiga chaja wanaweza kuiga na alama, kwa hiyo usiitazame peke yake.

Nyumbani nako chaja husema. Ikipata moto hadi huwezi kuishika, ikitoa mlio au harufu, kioo cha simu kikirukaruka chenyewe wakati wa kuchaji, au ukihisi umeme unakutekenya unapoishika simu, iache. Usimpe msaidizi wa kazi wala mtoto wa shule "aimalizie". Ikate waya, kisha uitupe.

Fyuzi haimlindi mtoto

Wazazi wengi huamini kwamba mtu akipigwa na umeme, fyuzi itakatika na kumwokoa. Si kweli. Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13, na kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Umeme unaopita mwilini na kuweza kuua ni mdogo mno: hesabu za usalama huanza kwenye miliampea 30. Hiyo ni chini ya sehemu moja kati ya 400 ya umeme ambao fyuzi hiyo inauruhusu kupita.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kile mafundi wanachokiita RCD, ambacho hufungwa karibu na meinswichi. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopotelea mahali pengine, pengine kupitia mwili wa mtu, nacho hukata kwa kufumba na kufumbua. Hakiwezi kila kitu: mtoto akishika nyaya zote mbili za umeme kwa pamoja, hakitaona tofauti. Lakini katika ajali nyingi za nyumbani, ndicho kinachoacha mtu akiwa hai.

Fungua kasha la meinswichi uangalie kama unacho. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu hivi. Umeme wa nyumba ukatike. Usipokatika, ita fundi mwenye leseni ya EWURA.

Ekstensheni na chumba chenye soketi moja

Anayeishi chumba cha kupanga hana uchaguzi mwingi. Soketi ni moja. Televisheni, feni, simu na pasi vyote vinaitaka. Hapo ni suala la hesabu. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Simu inatumia takriban wati 10, feni na televisheni navyo havili sana. Lakini birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja ni wati 3,200. Tayari umevuka, na ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba ambao hata hizo 2,990 haziwezi.

Basi weka sheria nyumbani: vitu vinavyopika au kupasha moto vichomekwe ukutani, kimoja kimoja. Ekstensheni ibaki kwa simu, taa na televisheni. Isipite chini ya zulia wala godoro, isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, na iwe juu ya meza au imefungwa ukutani kwa msumari. Umeme ukikatika, chomoa chaja na televisheni, usubiri dakika chache baada ya kurudi.

Kubadilisha soketi iliyoungua na kufunga RCD ni matengenezo ya nyumba, na yanamhusu mwenye nyumba. Piga picha ya soketi iliyoungua, mtumie ujumbe wa maandishi, na uitunze tarehe.

Simu isilale kitandani

Simu inayochaji inahitaji hewa. Chini ya mto au ndani ya blanketi joto halina pa kwenda, na betri ikishika moto, chandarua kiko sentimita chache tu. Simu zichajiwe sebuleni, juu ya sakafu tupu au meza, kabla ya watu kulala. Mtoto asicheze gemu simu ikiwa kwenye chaja, hasa akiwa ametoka kuoga: ngozi yenye maji inapitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Mtoto akipigwa na umeme

Usimguse kabla ya kukata umeme. Zima swichi ya soketi au meinswichi. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa ufagio wa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama hapumui, minya katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kucheza, mpeleke hospitali. Mtoto aliyeungua pembe ya mdomo kwa kutafuna waya wenye umeme aangaliwe kwa wiki mbili, kwa sababu kidonda kinaweza kutoa damu nyingi ghafla kikianza kubanduka.

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima meinswichi, toa watu nje, na upige Zimamoto, namba 114.

Leo jioni, kabla ya watoto kulala, zunguka nyumba kwa dakika kumi. Toa kila kijiti kilicho kwenye soketi. Gusa kila chaja uone ni ipi ina moto. Inyanyue ekstensheni kutoka sakafuni. Na ukimaliza, mwonyeshe mtoto mkubwa namna ya kuzima meinswichi, maana siku ajali ikitokea huenda wewe hutakuwapo.